Msaada wa mawazo: nachora katuni ya kuchekesha ya nyumba yenye mapepo, nimekwama dakika ya kwanza

MchoraUsiku

Habari za jioni wakuu,

Niende moja kwa moja. Mimi nachora, si kazi inayonilisha ila ndo ugonjwa wangu, mchana nina kibarua kingine usiku nakaa na laptopu mpaka mke wangu anauliza hivi nimemuoa yeye au hiyo taa ya mezani. Sasa nimeamua kutengeneza katuni fupi ya dakika tano, komedi, ya kuzitania zile muvi za nyumba yenye mapepo na za watu kupandwa na shetani. Mnazijua zote. Familia inahamia nyumba mpya, taa zinawaka na kuzima, mlango unajifunga wenyewe, juu ya dari kuna kitu kinatembea, mtoto anaanza kuongea sauti ya mzee wa miaka themanini, padri anakuja na msalaba na jasho.

Nimechora storibodi (michoro ya mpangilio wa sini) ya dakika ya kwanza nikamwonyesha mdogo wangu na washkaji wawili, hakuna aliyecheka na hakuna aliyeogopa. Taa ilipozima mdogo wangu kasema "umeme umekata". Mlango ulipolia krrrr mshkaji mmoja, ni fundi seremala, kasema bawaba hizo zinataka oili. Dari lilipogonga wote watatu kwa pamoja: "panya". Halafu kuna sini nzuri tu (niliipenda mimi) baba anashuka chini ya nyumba kwenye giza na mshumaa, mdogo wangu kauliza chini ya nyumba wapi, anachimba choo?

Kwa hiyo naombeni msaada. Shida ni mchoro au ni hadithi? La pili, hilo la kupandwa na pepo mtu anaweza kulitania bila kutukanwa na nusu ya nchi? Na la mwisho, dakika tano peke yangu zinawezekana kweli au najidanganya. Natumia Krita, ile programu ya kuchora.

Nawasilisha.

KarangaZaTano

Siti ya mbele. Karanga ninazo, wenye uzi wakija mnistue.

MzeeWaJipsamu

Mkuu mdogo wako ana akili, mlipe.

Shida si mchoro. Wewe umechukua nyumba ya watu wa Marekani ukaiweka madirisha ya nondo ukadhani imeshakuwa ya Mbagala. Mambo yote uliyotaja yanamtisha mtu ambaye kwake umeme haukatiki, dari lake halina panya na jirani yupo mita mia mbili. Sisi nyumba ya kupanga ina familia sita, ukisikia sauti inanong'ona ukutani usiku wa manane hiyo ni mama Jose anamsema mumewe, na kesho yake utajua yote. Na lile lingine la chumba kuwa na baridi ya ghafla, wanalipenda sana wazungu, pepo akiingia mtu anatoa moshi mdomoni. Sasa niambie ndugu yangu, Dar mwezi wa pili saa nane usiku, chumba kikipata baridi ya bure nani atakimbia? Watu watahamia humo na magodoro. Mwenye nyumba akisikia anapandisha kodi.

Hapo tayari una kichekesho na hujakichora.

Ila kubwa zaidi ni hili, na ndo linaloua muvi zote za namna hiyo: kwa nini hawahami? Ukuta unatoka damu na watu wanaenda kulala! Kazi yako ya kwanza ni kulijibu swali hilo, na jibu likiwa la kuchekesha umemaliza nusu ya kazi. Kuna kipande cha The Simpsons, ile katuni ya Marekani, cha Oktoba 1990, kile kipindi chao cha kwanza kabisa cha Halloween, kinaitwa Bad Dream House. Familia imenunua jumba kubwa kwa bei ya kutupa. Kuta zinatoka damu, jikoni kuna tundu la kwenda dunia nyingine, baba anatupia chungwa humo, kidogo karatasi inatupwa kutoka upande wa pili imeandikwa acheni kututupia takataka zenu. Anagundua nyumba imejengwa juu ya makaburi ya wenyeji wa zamani, anampigia simu kwa hasira aliyemuuzia, anakata simu mnyonge kidogo: jamaa anasema alimwambia mara tano au sita. Mnaona? Hahami kwa sababu ya bei. Ile ni tabia ya baba yeyote, hata wa Kimara.

Halafu usiku nyumba inawaingia vichwani inawaambia wauane, nao wanashika visu kweli. Lakini baadae mama anachoka anaigombeza nyumba kama anavyogombeza watoto, kwamba tumeshahamia, utuzoee, na heshima iwepo. Nyumba inaomba iachwe peke yake kidogo ifikirie. Wanatoka nje wanasubiri. Nyumba inafikiria… inajimeza yenyewe yote ikapotea, kuliko kuishi na wale watu. Binti yao anabaki anajisikia vibaya kwamba wamekataliwa. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa.

Na wanachokitania pale ni kitu maalum, si "muvi za kutisha" kwa ujumla. Ni ile nyumba ya Amityville kule New York, walimouawa watu sita wa familia moja Novemba 1974. Desemba 1975 ikahamia familia nyingine, walinunua dola 80,000 tu, wakakaa siku 28 wakatoka mbio wakisema kuna mashetani. Kitabu 1977, filamu 1979. Baadae wakili wa yule muuaji akaja kusema hadithi ile waliitunga pamoja huku chupa za mvinyo zikishuka. Sasa siku 28! Mtu wa Dar aliyelipa miezi sita mbele siku ya 28 bado anadai miezi mitano, unadhani atatoka?

KarangaZaTano

Hahahaaa na hela ya dalali ya mwezi mmoja ilishaliwa 😂😂 huyo hatoki hata shetani amkalie kifuani

MzeeWaJipsamu

@KarangaZaTano umeelewa. Mke analia "baba Asha tuondoke", baba anatoa mkataba mfukoni anausoma kwa tochi.

Sautiyaadhana

Mimi nitakuwa tofauti na wote hapo juu. Haya mambo hayachezewi. Kuna watu wameumia, kuna watu ndugu zao wanapandisha kila wiki nyie mnakaa mnachora vikatuni mchekeshe watu YouTube mpate hela. Siku akikutembelea mwenyewe usiku ukiwa na hiyo laptopu yako ndo utajua kama ni katuni. Nimemaliza.

FundiFremu

Nijibu la tatu kwa sababu hayo mengine wenyewe wapo.

Dakika tano ni sekunde 300. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, lakini katuni wengi tunachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, macho ya mtu hayalalamiki. Zidisha, 3,600. Ukichora ishirini kila usiku bila kuumwa, bila msiba, bila mechi, ni usiku 180, miezi sita. Sawa kabisa na kodi yako. Na hapo sijaweka rangi.

Sasa mbinu ya kupunguza, na wewe umechagua mada yenye bahati. Pepo haonekani! Jini asiyeonekana hana gharama ya kuchora, unachora sufuria tu inayotembea hewani, kanga inayojifunga, kiti kinachosogea. Nyumba unaichora mara moja kwa uangalifu wote, mandhari ile ile unaitumia filamu nzima, unaongeza taa na kivuli. Watu wakiogopa wanaganda, na mtu aliyeganda ni mchoro mmoja, unachezesha macho tu. Mimi nasemaga muvi ya kutisha ya katuni ni ya mtu mvivu mwenye akili. Hata wakubwa walifanya hivyo, ile The Skeleton Dance ya Disney ya 1929, mifupa minne inacheza makaburini, mwenzao mmoja anapigwa uti wa mgongo kama marimba, ukiangalia vizuri michoro mingi inajirudia rudia kwa zamu, inageuzwa kushoto kulia, na hakuna anayelalamika kwa sbb muziki umeibeba.

Hapo kwenye muziki sasa. SAUTI KWANZA. Wengi wanachora miezi mitatu ndo wanatafuta mtu wa kuingiza sauti, inakuwa kama wimbo wa harusi umeimbwa msibani. Rekodi maongezi yote kwanza, hata kwa simu, chini ya blanketi ili mwangwi usiingie, kisha weka picha za storibodi juu ya hiyo sauti uangalie kama filamu. Ikichekesha hapo, na michoro yako ya penseli isiyo na mikono, itachekesha popote. Isipochekesha usichore hata mkono mmoja. Na kwenye komedi ya kutisha ukimya ni silaha, ile kimya kabla ya mlango kugongwa na kimya kabla ya utani ni kimya kile kile, mtu anabana pumzi hajui ataachia kwa kucheka au kwa kupiga kelele. Usijaze muziki kila mahali.

Krita inafaa kabisa. Ukitaka kamera izunguke nyumba jifunze Blender, programu ya katuni za 3D, ni bure, ile filamu ya paka ya Latvia, Flow, iliyochukua Oscar 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Ila usijifunze programu mpya katikati ya kazi, utaishia kutazama mafunzo tu.

BintiMkunazini

Nimesoma kote. Nataka nimjibu huyo @Sautiyaadhana kwanza, mwanangu usikasirike, ulosema lina ukweli ndani yake ila umelifunga mlango mapema.

Mie ni mtu mzima, nimezaliwa Unguja, mambo ya pepo sikuyaona kwenye tivii, nimeyaona uani kwetu. Na ntakwambia kitu hawa watengeneza filamu wa Ulaya na Marekani hawakijui: kwao pepo akimpanda mtu ni vita, padri anasoma, pepo anatukana, kichwa kinazunguka, anatapika (nasikia yale matapishi ya ile filamu ya 1973, The Exorcist, yalikuwa supu ya njegere tu), mmoja lazima ashindwe. Kwetu sivo. Kwetu pepo ni mgeni. Akipanda kichwani anaulizwa kwa adabu wewe nani, umetoka wapi, umekuja kwa heri, unataka nini. Na yeye anajibu. Yule alopandwa anaitwa kiti, kwa sababu amekaliwa, na mwenye kukalia ana kabila lake na lugha yake na chakula chake. Wa Kiarabu ataka udi na marashi na kahawa. Kibuki asili yake Bukini, yaani Madagaska, hao wanapenda brandi, na usimletee nyengine. Watu wanapiga ngoma, wanaweka chano, wanajadiliana kama posa.

Sasa wewe mchoraji uniambie, hapo hapana kichekesho? Kipo tele, na hakihitaji kumcheka mgonjwa. Cheka mashauriano.

Alikuwepo shangazi yangu mmoja, Mungu amrehemu. Mumewe alikuwa na duka, tajiri lakini mkono wake ulikuwa hauonyeshi. Kila karibu na sikukuu shangazi anapandisha. Pepo anakuja, anasalimia vizuri, tunaambiwa tukae kimya, halafu anataka. Kanga doti mbili, lakini si kanga hivi hivi, anataja jina lake ilivyoandikwa na duka inapouzwa. Mwaka mmoja alitaka bangili na akasema uzito wake. Mume amekaa pale na kofia yake anafuta jasho, akathubutu kusema, "mbona huyu pepo anajua bei za mjini kuliko mie?" Wanawake wote uani wamejifunika kanga, mabega yanatikisika. Na pepo akajibu, kwa sauti nzito, "Mimi napita kila duka."

Alipata bangili. Na tulikuwa tunaamini, usidhani tulikuwa tunamwona muongo. Tulicheka na tulikuwa tunaamini, vyote viwili pamoja, siku ile ile. Hilo ndo nataka uliweke kwenye katuni yako kama unaweza. Usimchore mtu anajigaragaza na mapovu ukadhani hiyo ndo komedi, hapo @Sautiyaadhana atakuwa na haki nami ntakuwa upande wake.

Sautiyaadhana

Shikamoo Bi. Sina neno. Naendelea kusema mtu awe makini, ila hiyo ya "napita kila duka" imenishika nimecheka mwenyewe kwenye daladala watu wananiangalia.

BintiMkunazini

Marahaba mwanangu. Cheka, hutozwi.

MchoraUsiku

Daaah wakuu. Sijui nianzie wapi kushukuru. Shikamoo Bi Mkunazini, hiyo sini ya mume anafuta jasho naomba ruhusa niitumie nikibadilisha mambo mambo.

Nimeitupa ile dakika ya kwanza yote, padri na msalaba wake wameenda, na lile shimo la chini ya nyumba limefukiwa. Nimekaa jana usiku nikaandika upya, haijakamilika lakini isikilizeni:

Familia inahamia chumba na sebule. Usiku wa kwanza taa inazima. Kimya. Baba: "umeme." Jirani ukutani: "sisi tunao." Kimya tena. Mlango unalia krrr, baba anachukua oili ya kupikia anapaka bawaba, anarudi kulala. Dari linagonga, mama anarusha kiatu juu, kiatu hakirudi chini. Wote wanaangalia dari. Kisha kiatu kinarudi… kimepigwa rangi. Hapo pepo sasa anajitahidi kweli kweli, anatumia kila alichonacho, na wao kila kitu wanakipatia maelezo. Baridi inaingia, watoto wanasogeza godoro. Asubuhi majirani wamejazana ndani na mikeka yao.

Yaani nataka anayechanganyikiwa awe pepo. Shida yangu ni moja tu imebaki, kwa nini pepo mwenyewe haondoki? Familia nimewapa sababu, miezi sita imelipwa. Na yeye je?

FundiFremu

Hiyo ya kiatu nimeiona kabisa kichwani. Usionyeshe kinaanguka, weka sauti tu "pu" halafu kata kwenda kwenye nyuso zao.

Swali lako zuri. Kuna katuni ya zamani ya Disney ya 1937, Lonesome Ghosts, mle mizimu minne imekaa kwenye jumba haina kazi, watu wote wamekimbia hakuna wa kumtisha, wamechoka. Wanaona tangazo la wafukuza mizimu gazetini wanawapigia simu wenyewe waje! Wanakuja Mickey, Donald na Goofy, wanasumbuliwa mpaka wanatumbukia kwenye sharubati nzito ya miwa na unga, wanatoka weupe kama mizimu, mizimu yenyewe inatimua mbio. Unaona, mizimu ile inabaki kwa sababu ya upweke. Sababu ndogo tu lakini inaendesha dakika zote. Yako itafute ya hapa hapa, usichukue hiyo.

DalaliMstaafu

Nimekuwa nasoma kimya kimya toka juzi, sasa mmenigusa fani. Nimefanya udalali miaka kumi na moja, sasa hivi nauza vifaranga, usingizi umerudi.

Mkuu pepo wako haondoki kwa sababu na yeye AMELIPA. Huyo ni mpangaji wa zamani. Alilipa mwaka mzima mbele, akafariki mwezi wa saba. Mwenye nyumba hakurudisha hela ya ile miezi mitano, ndugu hawakuwa na risiti, akasubiri arobaini ipite akapangisha upya. Kwa hiyo marehemu yupo ndani kihalali kabisa, anamalizia kodi yake. Hana ubaya na mtu. Hata zile kelele za mwanzo hatishi, anagonga kuuliza hawa ni akina nani wamo chumbani kwake.

Akija huyo anayeongea naye, umlete na udi na adabu kama alivyosema Bi, anauliza umetoka wapi unataka nini, watu wote wanategemea ataje mbuzi mweusi. Pepo anasema kwa sauti ya kutikisa mabati: "NATAKA… RISITI."

Na mwenye nyumba amekaa pale kwenye mkeka kimya anaangalia pembeni.

MzeeWaJipsamu

Mwisho wa uzi. Fungeni. Huyu auze vifaranga kwa nini?

MchoraUsiku

Nimesimama nimezunguka chumba. DalaliMstaafu hiyo ndo katuni yenyewe, jina lako nitaliweka mwishoni kwa maandishi makubwa. Kwa hiyo hakuna wa kumfukuza, wote wawili wana mkataba, chumba kimoja, inabidi wapange jinsi ya kukaa. Kesho naanza kurekodi sauti, mdogo wangu atakuwa pepo, blanketi ninalo.

BintiMkunazini

Ruhusa ya shangazi nimekupa. Lakini bangili ubadilishe, yule mume bado yu hai na ana simu ya kisasa.

KarangaZaTano

Swali moja tu kabla hujarekodi mkuu. Luku wanachangiaje? Kwa sababu marehemu anawasha na kuzima taa usiku kucha, huyo hawezi kulipa sawa na mtu mwenye redio.